Kikombe cha Jumanne

1

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Subilaga alifundisha Kinyakyusa katika Kituo cha Ndimi, juu kule Rungwe, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akisema "rudieni baada yangu." Walimu wa rudieni-baada-yangu aliwachukia kama mawe kwenye mchele. Yeye alifundisha kwa kazi. Wanafunzi wake walimenya ndizi, waliteka maji, waligombania kuni, walioana, wakafiwa na ndugu ambao hawakuwahi kuwepo, na yote hayo kwa Kinyakyusa. Hujui neno la kijiko, huli. Mtu mzima wa miaka hamsini analengwalengwa na machozi mbele ya sufuria kwa sababu ya neno moja, na Subilaga amesimama mikono kiunoni, anasubiri, hana haraka.

Ilibidi iwe hivyo. Dunia nzima ilikuwa na kinong'ona sikioni, kidude kidogo kama punje ya hindi kinachotafsiri kila lugha kabla anayesema hajafunga mdomo, na tangu kiingie hakuna aliyejisumbua tena kujifunza lugha ya mwenziwe. Miaka ishirini baadaye ukaanza ukungu. Ndivyo watu walivyouita. Mtu wa miaka hamsini anatoka dukani na sukari yake mkononi, hajui nyumba yake iko wapi. Ubongo usiohangaika unalala, wakasema madaktari, na hakuna kinachouhangaisha kama lugha ngeni. Redio zikaanza kuimba kila asubuhi: jifunze lugha, okoa akili yako. Watu wakapanda Rungwe na mabegi yao. Getini walivuliwa vinong'ona, mkubwa na mdogo, mwanafunzi na mkurugenzi, maana ndani ya uzio kitu cha kutafsiri kilikuwa marufuku. Wakakaa wiki kumi, wakahitimu, wakaondoka.

Jumatano ya wiki ya kwanza, mvua ikinyesha ile ya Rungwe isiyojua kukata, Subilaga alikuwa akiwapeleka wanafunzi kumi na mmoja jikoni kwa njia nyembamba ya matofali. Mbele yao akatokea mpishi mkuu, mzee Mwasomola, amebeba sufuria ya ndizi.

Mwasomola alikuwa na kazi ya pili pale kituoni, na aliipenda kuliko ya kwanza: kuwa baba mkwe. Kuanzia wiki ya tatu kila mwanafunzi wa kike alikuwa anaozwa kwa mtoto wa Mwasomola, mtoto ambaye hayupo, na kuanzia hapo anafuata mila kama walivyoifuata bibi zake Subilaga. Ukikutana na baba mkwe unatoka njiani, unampa mgongo, unachuchumaa, unajifunika uso. Humtazami. Jina lake hulitamki, hata ukipigwa. Mwasomola, mwenye uso uliokunjwa tangu azaliwe, alikuwa akipita hapo taratibu kuliko ilivyohitajika.

Lakini hii ilikuwa wiki ya kwanza, na hakuna aliyekuwa ameambiwa lolote kuhusu baba mkwe.

Mwanamke mmoja akatoka kwenye mstari. Aliitwa Somoe, mtu wa Lindi, miaka arobaini na mmoja, ambaye tangu Jumatatu alikuwa ameuliza choo kilipo mara nne. Akaingia kwenye majani yenye maji, akageuka, akachuchumaa, akavuta kanga usoni. Akatulia hivyo mpaka sufuria ya ndizi ilipopita.

Wenzake wakacheka. Subilaga hakucheka.

"Wewe umeolewa kwetu?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi mtu wa Lindi. Huku ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Sasa mbona umechuchumaa?"

Somoe akatazama miguu yake ilivyolowa. "Sijui," akasema. "Imefanya yenyewe."

2

"Huyo mimi ni mkwe wake," Mwasomola alisema jikoni, akimimina chumvi kwa kiganja. "Tena mkwe wa haki. Miaka mitatu iliyopita, darasa la Mwalimu Lugano, kabla hajastaafu."

"Mzee, amesema hajawahi kufika."

"Asiseme. Nimekuwa baba mkwe wa wanawake mia tatu humu ndani, wengi wanajifunika huku wanachungulia. Yeye hakuchungulia hata siku moja. Siku moja nimemkuta bombani, hana pa kukimbilia, akajifunika ndoo kichwani. Ndoo yenye maji." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Kinyakyusa alikuwa anakisema mpaka unasahau kwamba si wa hapa. Alikuwa ananitania akiwa amenipa mgongo."

Subilaga alikuwa amejaribu kumsemesha Somoe Kinyakyusa asubuhi ileile. Alimsalimia tu, ugonile, salamu ambayo hata mtoto wa Rungwe anaamka nayo. Mwanamke yule alimwangalia kama anavyoangaliwa muuza bima.

"Labda wewe ndiye ukungu umeanza kukushika," Subilaga alisema, na hakuwa anatania.

Mwasomola akafuta mikono kwenye aproni, akaingia chumba cha kuhifadhia vyakula, akatoka na mkeka. Mkeka mzuri wa ukindu, wenye mistari ya rangi ya damu ya mzee, umechakaa katikati pale anapokalia. Ukingoni, kwa herufi zilizosukwa na si za kuandikwa, palisomeka SOMOE.

"Aliniletea siku moja kabla ya kuhitimu. Zawadi ya mkamwana. Ukindu alikuja nao mwenyewe kutoka kwao."

Wakamwita. Somoe akaja, akakaribia kuchuchumaa tena, Subilaga akamshika mkono. Wakautandika mkeka mezani. Somoe hakulitazama jina lake. Alipitisha kidole kwenye ukingo, pale mshono unaporudi, akahesabu mikunjo kwa midomo bila sauti.

"Huu mkono wangu," akasema. "Hapa kwenye kona huwa narudisha mara tatu, dada yangu ananicheka kwa hilo." Akaugeuza mkeka upande wa pili. "Nimeusuka lini?"

Somoe akashika pindo la kanga yake, akalileta karibu na macho, akalisoma. Subilaga aliona kwamba palikuwa na herufi za uzi mweusi pale, zimedariziwa kwa haraka: MFAUME, MWANANGU, YUKO KWA DADA.

Ndipo Subilaga alipopandwa na hasira, na tangu hapo hasira ile haikushuka.

3

Dkt. Koku, mkurugenzi wa kituo, alikuwa mama wa Bukoba, mpole, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Alimkaribisha Subilaga kiti.

"Nimesimama," Subilaga alisema. "Somoe amewahi kusoma hapa. Kwa nini hajui hata salamu?"

Mkurugenzi hakukana. Pengine alikuwa amechoka kutunza siri, pengine alijua ana kamba ya kumfunga nayo mwalimu huyu. Akaanza kueleza, bila haraka, kama anayesoma maelezo ya dawa.

Mtu mzima anapohangaika na lugha ngeni, akikosea, akiona aibu, akijaribu tena, ubongo wake unaota nyuzi mpya. Nyuzi haziwezi kuota hivihivi, kwa hiyo kichwa kinatoa kitu cha kuzilisha. Madaktari walikuwa na jina refu la kitu hicho. Wagonjwa walikiita utomvu.

"Ndio huohuo utomvu wa kwenye vikombe wanavyokunywa wagonjwa wa ukungu?"

"Ndio huo. Tumejaribu kuutengeneza maabara miaka saba, Mwalimu. Hautengenezeki. Unatoka tu kwenye kichwa cha mtu aliyehangaika kweli. Ndiyo maana walimu wengine hawatufai na wewe unatufaa."

Siku ya kuhitimu wanafunzi walivishwa kilemba cha nyaya, wakalazwa mchana kutwa. Waliambiwa kilemba kinapima maendeleo, wakatia saini kukubali kipimo. Subilaga mwenyewe alikuwa amewafunga wengi kilemba hicho kwa mikono yake, akiwapongeza, lakini hakuwahi kuwepo walipoamka.

"Kinaukamua," akasema.

"Hawasikii maumivu."

"Na lugha?"

"Inakwenda na utomvu. Nyuzi zikikauka, lugha haina pa kukaa. Na wiki zile kumi zote zinafutika futika. Tunawarudisha kwao, wakiisikia tena redio wanakuja tena, tunawapeleka kituo kingine. Huyu alikuwa aende Mahenge, daraja likazolewa na maji. Kosa la ratiba tu."

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya tano."

"Mmewaibia hawa watu."

"Tumewaibia nini?" Dkt. Koku aliuliza, na kilichomkera Subilaga zaidi ni kwamba aliuliza kweli, akitaka jibu. "Walikuja hawana Kinyakyusa. Wanaondoka hawana Kinyakyusa."

"Somoe hajui jina la mwanawe. Amelidarizi kwenye kanga."

"Kila ukamuaji unabeba na kidogo cha kumbukumbu za jirani. Hilo tunalifanyia kazi."

Subilaga alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alifikiria kuipindua. Ilikuwa meza nyepesi, ingepinduka.

"Mzee Ambakisye anaendeleaje?" Dkt. Koku aliuliza. "Kikombe chake cha Jumanne anakimaliza?"

Ambakisye alikuwa mume wake. Ukungu ulimshika akiwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka mitatu sasa kikombe cha utomvu kilikuwa kikiletwa nyumbani kila Jumanne kwa pikipiki, heshima ya kituo kwa mwalimu wa siku nyingi. Hakuwahi kuuliza kinatengenezwa wapi. Mgonjwa wako akipona huulizi.

"Utomvu una tabia moja," mkurugenzi akaendelea. "Haushiki kwa kila mtu. Unashika kwa yule ambaye lugha iliyoutoa ndiyo aliyoinyonya kwa mama yake. Mumeo Mnyakyusa. Tangu Lugano astaafu, darasa la Kinyakyusa liko moja tu nchi nzima, la kwako. Wewe ukifundisha vizuri, yeye anaamka vizuri. Yeye na wengine arobaini." Akasogeza karatasi zake. "Sasa kama unataka kwenda kuwaambia wanafunzi, mlango ule. Mimi sikuzuii."

4

Saa kumi na moja jioni Ambakisye alikuwa barazani akichoma mahindi, redio ikimsomea matokeo ya mpira, na akibishana na redio. Zamani alikuwa mpima ardhi. Ukungu ulipomshika alikuwa anatoka na kamba asiyokuwa nayo mkononi, anapima shamba la jirani, anamwomba Subilaga ashike upande wa pili. Siku moja alimwuliza Subilaga kama anamfahamu mke wake. Kisha vikombe vikaja, na mwanamume akarudi kidogo kidogo, na mabishano yake, na kunung'unika kwake, na kofia yake ileile.

Subilaga alimwambia yote akiwa amesimama. Hakupunguza kitu. Ambakisye aliligeuza hindi moja mpaka likaungua upande mmoja.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza mwishowe.

"Ili tuamue."

"Tuamue mimi na nani? Kinywaji nakunywa mimi, unakuja kuniuliza mimi kama kimwagwe." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Usiniulize, Subi. Ukiniuliza nitasema nataka. Leo nitasema, kesho nitasema tena. Wewe uliniona tu nikiwa kule. Mimi nimekaa kule."

"Kuna mwanamke amesahau mwanawe ili wewe ubishane na redio."

"Nimekusikia."

"Na bado unataka."

"Ndiyo."

"Mwoga."

"Ndiyo," Ambakisye alisema. Akalitoa hindi motoni, akaliweka chini, hakulila. "Amua mwenyewe. Lakini ukishaamua usije ukawaambia watu kwamba mzee alikubali. Mimi sikukubali. Mimi nataka kukaa hapa nikujue."

Subilaga aliingia ndani akaosha vyombo vilivyokuwa safi, akivigonga. Alimkasirikia Koku, akamkasirikia Ambakisye kwa kusema kweli, akajikasirikia mwenyewe kwa sababu alitaka aambiwe mwaga ili mzigo uwe wa wawili. Jumanne ilipofika, kikombe kikaja. Kioevu cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Alikipokea, akakipeleka, na Ambakisye akakinywa chote huku akimtazama yeye usoni.

5

Wiki tisa alikaa kimya. Hilo nalo lisemwe. Ni rahisi kuwalaumu wakubwa wenye meza na karatasi, lakini mwalimu huyu alijua, na bado wiki tisa alifundisha kama kawaida na Jumanne nane alipeleka kikombe. Alijiambia anangoja wanafunzi waelewe lugha vya kutosha. Ilikuwa kweli. Ilikuwa pia kisingizio, na alijua.

Alifundisha vizuri kuliko miaka yote. Hasira ilimfanya asiache kosa lipite. Somoe alikuwa wa kwanza kuanza kubishana, kisha kutania, kisha siku moja akamsimulia Mwasomola, akiwa amempa mgongo, jinsi mwanawe Mfaume alivyomeza kifungo cha shati akiwa na miaka miwili. Alisimulia yote mpaka mwisho. Subilaga, aliyekuwa akikuna nazi pale karibu, aliona kwamba mkono wa Somoe haukugusa pindo la kanga hata mara moja. Lugha ngeni ilikuwa inamrudishia na ya kwake. Ndicho redio ilichoahidi, na redio haikudanganya. Ilinyamazia tu kwamba kuna watu wanaongoja mlangoni na chombo cha kukamulia.

Jumatatu ya wiki ya kumi, siku moja kabla ya kilemba, Dkt. Koku alikuja darasani kukagua. Alikaa nyuma, kwenye kigoda karibu na mlango, daftari mapajani, sikio lake tupu kama masikio ya wote ndani ya uzio. Kinyakyusa alikuwa hajui hata neno la maji.

Wanafunzi walikuwa wamezunguka karai, wanamenya ndizi. Subilaga alikaa kati yao, akachukua kisu, akaanza kumenya na yeye. Kisha akawaambia, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ileile aliyoitumia kueleza namna ya kupika.

Aliwaambia kilemba ni cha nini. Aliwaambia kwamba kesho jioni hawatajua neno hata moja kati ya haya anayowaambia, wala hawatamjua yeye. Aliwaambia kwamba waliokuja mara ya pili na ya tatu wapo humu, na kwamba kila safari inabeba vitu vingine, majina, nyuso, njia za nyumbani. Alimenya ndizi tatu akiyasema hayo. Visu vya wengine vilisimama.

"Menyeni," akasema. "Anatutazama."

Wakamenya.

"Utomvu wenyewe wanapewa wagonjwa wa ukungu," akaendelea. "Wako arobaini na mmoja, na si watu wabaya. Mmoja ni mume wangu. Nimekuwa nikimpelekea kikombe kwa mkono wangu mwenyewe, na hizi wiki tisa nimefanya hivyo nikijua."

Danstani, dereva wa malori mstaafu, mtu mzito wa maneno, alitema mate kando ya karai. Subilaga hakumlaumu.

"Mimi ni mara ya ngapi?" Somoe aliuliza. Aliuliza kwa Kinyakyusa safi, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi.

"Ya tano."

"Nimepoteza nini kingine?"

"Sijui. Wewe mwenyewe hujui. Ndio ubaya wake."

Somoe akaikata ndizi vipande vipande vidogo kuliko ilivyohitajika. "Na mumeo akikosa?"

"Atanisahau," Subilaga alisema, akajifanya anatafuta ndizi nyingine.

Nyuma yao Dkt. Koku alipiga makofi mepesi. "Hongereni sana," akasema kwa Kiswahili. "Sielewi hata neno, lakini nasikia mnavyotiririka. Mmeiva kabisa."

"Ndaga fijo," Danstani akamjibu, asante sana, akimkazia macho. Mkurugenzi akaandika kitu kwenye daftari lake, ameridhika.

Asubuhi ya Jumanne vilemba kumi na moja vilikuwa vimepangwa juu ya vitanda kumi na moja, na vitanda vilikuwa vitupu. Wanafunzi walikuwa wamekwenda getini na mabegi yao, wakadai vinong'ona vyao, wakavitia mfukoni badala ya sikioni, wakashuka kwa miguu kuelekea barabarani. Walinzi hawakuwa na la kufanya. Hakuna aliyefungwa pale, ndivyo ilivyoandikwa kwenye bango la kituo.

Dkt. Koku alimkuta Subilaga akikusanya visu vyake. Kwa mara ya kwanza ile sauti ya kubembeleza haikuwepo.

"Umeua watu arobaini na mmoja," akasema.

"Nimewasahaulisha. Kuua ni neno lako." Subilaga akafunga visu kwenye kitambaa. "Nawe ungeweza kuwaambia wenye vichwa ukawaomba. Wengine wangekubali. Mtu anamtolea ndugu yake figo. Hukuomba kwa sababu ulijua wangetaka wapumzike katikati, wangetaka uwatunze, wangekuuliza maswali. Ulitaka ng'ombe."

"Na mumeo?"

"Ya mume wangu hayakuhusu."

6

Lakini yalimhusu, maana hata Dkt. Koku hakuwa mnyama. Utomvu uliokuwa umebaki ghalani aliugawa kwa haki, na pikipiki ilileta kikombe Jumanne sita zaidi. Ya saba haikuja. Ambakisye alikaa barazani mpaka jua likazama, akiisikiliza kila pikipiki inayopanda kilima, na Subilaga akakaa naye.

Somoe hakurudi Lindi mara moja. Alimpigia dada yake, akaongea na Mfaume, akalia, kisha akasema anataka abaki kwanza mpaka lugha ishike vizuri. "Nikienda sasa nitaongea na nani? Itanitoka tena." Subilaga na mumewe wakampa chumba cha uani kwao. Kila asubuhi alikuja barazani kumsalimia Ambakisye, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumheshimu mzee wa Kinyakyusa, alimsalimia kama mkamwana: anachuchumaa pembeni, anampa mgongo, kanga usoni. Ambakisye, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume, akaamua kwamba anaye. Alimwuliza Somoe habari za mume wake, na Somoe akamtungia mume, fundi umeme, mvivu kidogo. Mzee alicheka sana.

Mwezi wa tatu bila kikombe Kiswahili kilimtoka Ambakisye, kikabaki Kinyakyusa peke yake. Mwezi wa nne alimwona Subilaga akiingia na maji ya kuoga, akamwambia kwa adabu, "Mama, unamtafuta nani?" Subilaga aliweka ndoo chini, akaenda nyuma ya nyumba, akapasua kuni zote zilizokuwepo, na zilipokwisha akapasua kigogo cha kukalia. Kuanzia hapo alimwambia kila siku kwamba yeye ni mkewe, na kila siku mzee alimwambia asimdanganye, mkewe ni msichana.

Somoe, kwa upande wake, alikuwa anafumua. Subilaga alimkuta asubuhi moja uani, anachomoa kwa sindano ule uzi mweusi kwenye pindo la kanga, herufi baada ya herufi. "Sihitaji tena," alisema. "Mfaume. Amezaliwa Alhamisi. Ana kovu kwenye goti." Alisema kama anayejivunia, kisha akamwona Subilaga uso wake, akainamia tena sindano yake.

Siku hiyohiyo, kabla ya chai, Ambakisye alikuwa kwenye benchi la barazani ameshika kigingi cha chuma, kile cha kupimia mipaka, anakigeuza geuza. Somoe alikuja, akachuchumaa, akampa mgongo, akasalimia. Mzee akaendelea kukigeuza kigingi chake. Subilaga alikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Mkamwana," Ambakisye akasema, polepole, kama mtu anayeona aibu kuuliza njia. "Mimi naitwa nani?"

Somoe hakugeuka. Alikuwa amefundishwa mara mbili kwamba jina la baba mkwe halitamkwi, hata ukipigwa, na aliyemfundisha mara ya pili alikuwa amesimama pale mlangoni.

"Mwambie," Subilaga alisema.

"Mwalimu, ulitufundisha..."

"Najua nilichofundisha. Mimi haniamini. Geuka umwambie."

Somoe akasimama. Akashusha kanga, akageuka, akamtazama mzee usoni, mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile.

"Ambakisye," akasema. "Baba, unaitwa Ambakisye."

Mzee alilirudia jina kwa midomo, mara mbili, mara tatu, akakiweka kigingi chini. "Ndaga," akasema. Kisha akaelekeza kidevu mlangoni. "Na yule pale, anayetutazama kwa hasira, ni nani?"

"Mkeo."

Ambakisye alimwangalia Subilaga muda mrefu, kichwani mpaka miguuni, na sinia lake la chai.

"Ana haki ya kukasirika," akasema, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.